Kwa nini wodini kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika?

ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni muuguzi, niko Mwanza, mwaka wa 17 huu kazini. Hospitali sitaitaja na naomba msinitafute. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jana nilipokea zamu kwa binti aliyemaliza chuo juzi juzi. Nikafungua mafaili ya wagonjwa wake 34, na kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho upumuaji umeandikwa 20. Bibi wa miaka 80, 20. Kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, 20. Mama aliyetoka chumba cha upasuaji asubuhi ile ile, 20.

Sikumfokea. Nilimkalisha nikamsimulia haya ninayowaandikia ninyi.

Kwa wasio wa fani: mgonjwa aliyelazwa tunampima joto, mapigo ya moyo, presha, oksijeni na pumzi. Vinne vya mwanzo vina vifaa vyake, unafunga mkono au unabana kidole, namba inakuja yenyewe. Pumzi kwenye wodi zetu haina kifaa. Inakutaka usimame kando ya kitanda, saa mkononi, utazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Dakika moja mara wagonjwa 34 ni zaidi ya nusu saa, na hapo dawa hujagawa, dripu zimeisha, kuna mtu anaita pembeni. Ndiyo 20 ikazaliwa. Ni namba isiyo na kesi. Mtu mzima mwenye afya akiwa ametulia hupumua kati ya mara 12 na 20, kwa hiyo ukiandika 20 hakuna atakayekuuliza kitu.

Na mimi niliiandika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa na mzee mmoja, mvuvi wa kisiwa cha Kome, amefanyiwa upasuaji wa ngiri iliyokuwa imebana utumbo. Siku ya tatu baada ya upasuaji. Usiku ule tulikuwa wawili kwa wagonjwa 41, mwenzangu akaondoka kusindikiza rufaa, nikabaki peke yangu. Saa 4 usiku nilifika kitandani kwake. Presha nzuri, joto halijapanda sana. Alikuwa ameketi, hataki kulala chali. Nikamuuliza, "Mzee unaendeleaje?" Akasema, "Naendelea vizuri binti yangu, ila nimechoka." Nikaandika presha, nikaandika joto, nikaandika 20, nikasogea kitanda kinachofuata. Saa 11 alfajiri nilipopita na trei ya dawa alikuwa ameshatutoka, bado ameegemea mto, mikono juu ya magoti.

Mwanawe aliingia saa ya kuona wagonjwa, ameshika chupa ya uji.

Hakuna aliyenilaumu. Faili lilikuwa safi. Hilo ndilo limenikaa mpaka leo: faili lilikuwa safi, na ndani yake nilikuwa nimeandika uongo kwa mkono wangu. Nikiyakumbuka yale mabega yalivyokuwa yakipanda, mzee yule alikuwa akipumua 30 na kitu. Mwili wake ulikuwa unaniambia tangu saa 4, mimi sikuhesabu.

Tangu siku hiyo nahesabu. Naendelea hapo chini, ni ndefu.

ZamuYaUsiku

Sehemu ya pili.

Miaka mitatu iliyopita, wodi ya wazazi. Usiku wa giza, mwezi haupo, na kutoka dirisha la wodi yetu unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani. Kitanda cha dirishani alilala mama wa miaka 26, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, siku ya pili tangu ajifungue kwa upasuaji. Mchana alipitiwa, ikaandikwa anaendelea vizuri. Mwenyewe hakulalamika. Aliyeniita ni jirani yake wa kitanda: "Sista, huyu mwenzangu hajalala tangu jioni, anahema tu."

Nikamshika kifundo cha mkono kama napima mapigo. Tulifundishwa hivi chuoni na wengi tumesahau: mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake, hapumui tena kama alivyokuwa. Mshike mkono adhani unatafuta mapigo, macho yako yabaki kifuani. Nikahesabu dakika nzima. 32. Nikarudia, 34. Mapigo 118. Joto 37.9. Presha 110/70. Oksijeni 96.

Saa 6:20 usiku nikampigia daktari wa zamu. Swali lake la kwanza likawa presha. Nikamtajia. "Presha nzuri hiyo sista, ni maumivu ya mshono, mpe parasetamo, asubuhi nitampitia." Alikuwa na haki ya kuchoka, hakuwa amelala tangu juzi yake. Ila presha kwa mama kijana ndiyo ya mwisho kuanguka. Mwili wake una nguvu, mishipa inajibana, moyo unaongeza kasi, presha inasimama pale pale siku nzima huku ndani mambo yameharibika. Pumzi haingoji. Maambukizi yakishaingia kwenye damu, asidi inajaa mwilini na mapafu yanaanza kuitoa kwa kuhema. Presha ikija kuanguka, umeshapoteza saa ulizokuwa nazo.

Nikampa parasetamo. Baada ya nusu saa nikahesabu tena: 36. Tumbo limeanza kujaa, ukiligusa anakunja uso. Mfuko wa mkojo uko vile vile ulivyokuwa jioni. Saa 7:05 nikapiga, simu haikupokelewa. Saa 7:30 ikapokelewa kwa hasira: "Sista, sasa unataka nifanye nini?" Nikasema nataka uje umuone. Simu ikakatwa.

Walio kwenye kazi hii wanajua uzito wa kumruka daktari wa zamu na kumpigia bingwa nyumbani kwake saa 8 kasoro usiku. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamsomea namba kama zilivyo, na saa ya kila moja. Akaniuliza jambo moja tu: "Pumzi umehesabu mwenyewe?" Nikasema nimehesabu mara tatu. Akasema, "Muandae, natoka nyumbani sasa hivi."

Walimfungua upya. Tumbo lilikuwa na usaha. Wakalisafisha, akakaa kwenye antibiotiki za mshipa, na siku ya 12 akatoka na mtoto wake mgongoni.

Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kujieleza kwa nini nilivunja utaratibu wa mawasiliano. Nilijibu kwa kuambatisha nakala ya ukurasa wa faili: saa 6:20 nimempigia daktari wa zamu, amejibu hivi. Saa 7:05 hakupokea. Saa 7:30 amejibu hivi. Pumzi 34, pumzi 36. Baada ya hapo sikuulizwa tena.

Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda Mwaloni kununua dagaa, nikamkuta mezani kwake. Hakunikumbuka, na kwa hali aliyokuwa nayo usiku ule asingeweza kunikumbuka. Akanipimia, tukapatana bei, anaongea kwa sauti kushinda kelele za wapakuzi. Nilisimama pale kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa namhesabu. 16.

Wauguzi wenzangu, kwenu ikoje? Na ninyi ndugu wa wagonjwa, mmeona nini? Nataka kusikia yote, hata machungu.

KakaWaPasiansi

Nimesoma mara mbili. Asante sana dada.

NyanzaKwetu

Mleta uzi, umesema hata machungu, basi pokea langu.

Dada yangu alijifungua mwaka juzi, kituo sikitaji. Alipolalamika maumivu aliambiwa, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulituita?" Alifokewa mbele ya wenzake mpaka akanyamaza. Akakaa kimya usiku kucha. Asubuhi tulipoingia na uji tukakuta khanga mbili zimelowa damu chini yake, na hakuna aliyekuwa na habari. Mungu alisaidia, aliongezewa chupa tatu, yuko hai. Lakini ninyi mnaopongezana humu, hao wengine mnawaacha na nani? Kwa kila mmoja anayehesabu pumzi, ni wangapi wanaofoka?

ZamuYaUsiku

NyanzaKwetu, pole sana, na mfikishie dada yako pole yangu. Sitamtetea aliyesema maneno hayo. Nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye leba, na miaka ya mwanzo niliyasikia nikanyamaza, nayo ni aibu yangu.

Watu huona lugha chafu ni suala la tabia, eti kitu kingine kabisa tofauti na matibabu. Angalia kilichompata dada yako. Alifokewa, akanyamaza, na kwa sababu alinyamaza hakuna aliyejua anavuja damu. Mgonjwa ndiye mtu wa kwanza kujua kuwa kuna kitu kimebadilika mwilini mwake, kabla ya kifaa chochote. Ukimtisha, umeizima taarifa ya kwanza unayoihitaji. Yule wa dirishani kwangu hakuniita mwenyewe, aliniita jirani yake, na mpaka leo najiuliza nani alimfokea kabla yangu.

Ukitaka kulifuatilia, bado unaweza. Andika tarehe, saa, wodi na maneno yaliyosemwa, upeleke kwa mganga mfawidhi wa kituo, uombe uthibitisho kuwa wamepokea. Usipojibiwa, malalamiko dhidi ya muuguzi au mkunga hupokelewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lenye mamlaka ya leseni zetu. Sanduku la maoni lipo, lakini kwa jambo la uzito huu nenda na barua.

NyanzaKwetu

Sikutegemea kujibiwa hivi. Nitaongea na dada, uamuzi ni wake.

MkungaWaKisiwani

Nimeguswa na post ya NyanzaKwetu, niseme kuhusu damu, maana mimi ni mkunga na niko visiwani. Huku mama akizidiwa usiku kuna maji kati yetu na bingwa. Siku hizi tunapiga 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, usafiri unatafutwa, na imesaidia kweli, lakini ziwa likichafuka hakuna namba ya simu inayolituliza. Kwa hiyo kwetu kugundua mapema ndiyo matibabu yenyewe.

Zamani tulikadiria damu kwa macho. Khanga inanyonya, godoro linanyonya, nyingine inamwagika kwenye beseni na maji ya uzazi, na jicho la mkunga aliyechoka linasema "kama mia tatu hivi" wakati ni mia nane. Sasa tunaweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, damu inashuka mle, unasoma. Ikifika mililita 500 huna cha kujadili. Hapo vinakwenda vyote kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza, dawa ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, maji ya mshipa, na kumkagua mama damu inatoka wapi. Zamani tulijaribu kimoja tukasubiri, tukajaribu kingine tukasubiri, mama anaishia mikononi. Utafiti wa mpango huo ulitangazwa mwaka 2023, ulifanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, na madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zile tulikuwa nazo kabla. Kilichoongezeka ni kupima damu na kutosubiri.

Na usisahau friji. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika nyie, mimi kitu cha kwanza namkimbilia friji kabla ya taa.

Kuhusu pumzi: mama mwenye kifafa cha mimba tunayempa magnesiamu ya kuzuia degedege, kabla ya kila dozi tunahesabu. Pumzi ziwe 16 au zaidi, mkojo uwe unatoka, ukigonga goti mguu uruke. Zikishuka chini ya 16, dozi inasimama, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, iwe karibu. Sasa mtu aliyezoea kuandika 20 bila kutazama, akampa magnesiamu mama anayepumua 9? Dawa ile ile inayomwokoa ndiyo itakayomzimisha. Ndiyo maana nimesoma kichwa cha uzi huu moyo ukanidunda.

ZamuYaUsiku

Mkunga, umegusa penyewe. Hilo la magnesiamu kesho nampelekea yule binti neno kwa neno.

DktUsikuWaManane

Mimi ni daktari, si yule wa kwenye simulizi, ila ningeweza kuwa yeye. Nimewahi kujibu "presha nzuri hiyo" nikiwa nimeegemea ukuta wa chumba cha upasuaji nasinzia.

Niseme upande wetu. Saa 8 usiku simu yangu ikilia naweza kuwa na wagonjwa wanne wanaonisubiri, wodi mbili tofauti. Muuguzi akisema "Daktari, njoo umuone mgonjwa wako, hali si nzuri," sijui nimuache yupi niende kwa yupi. Lakini akisema hivi: "Ni mama wa kitanda 9, siku ya pili baada ya upasuaji. Pumzi zilikuwa 20 mchana, sasa ni 34, nimehesabu mara mbili. Tumbo limejaa, mkojo haujatoka tangu jioni. Nahisi ni maambukizi ya tumboni. Naomba uje ndani ya nusu saa," hapo naondoka nilipo. Yaani mgonjwa ni nani, kimebadilika nini, wewe unafikiri ni nini, unataka nini. Chini ya dakika moja. Na lile la tatu wauguzi wengi wanaliogopa, wanadhani si kazi yao kufikiri ugonjwa. Ni kazi yao. Wao wako pale saa 8 mfululizo, mimi nimekuwapo dakika 5.

Naombeni namba basi. Namba zitanitoa kitandani.

ZamuYaUsiku

Daktari, asante kwa moyo huo, na mpangilio uliotoa nitauandika ukutani kwenye chumba chetu. Ila hapo mwisho sitakubaliana nawe kabisa.

Kuna usiku namba zote ziko sawa na bado muuguzi hajaridhika. Rangi ya mgonjwa si ya jana. Aliyekuwa akikusalimia leo anageukia ukutani. Mzee amesahau jina la mwanawe aliyemuita jioni. Ananuka jasho la baridi. Muuguzi mzoefu anayaona hayo kabla hayajafika kwenye namba, na akipiga simu aseme tu "Daktari, sijaridhika na huyu mgonjwa," nalo lisikilizwe. Tukisema bila namba usipige, tutakuwa tumewafundisha wasubiri presha ianguke.

DktUsikuWaManane

Nimekuelewa. Nakubali kwa sharti moja: atakapopiga, aniambie ameona nini, hata kama ni rangi au harufu. Kilichonisumbua miaka yote ni simu isiyosema kitu.

ZamuYaUsiku

Hapo tumekutana.

Mama Kulwa na Doto

Mimi si mhudumu, ni mzazi. Nina mapacha wa miaka 7. Kulwa mzima, Doto ana selimundu (sickle cell). Walioko Kanda ya Ziwa wanajua ugonjwa huu ulivyojaa kwetu. Nchi nzima watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka.

Mwaka 2023 Doto alishikwa na maumivu ya mifupa usiku, tukatoka Sengerema na gari la wagonjwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, tukakaa Busisi kusubiri kivuko, mtoto anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sasa hivi zile kilomita 3 unazipita kwa dakika chache, kila nikipita pale nauangalia ule upande wa kivuko nakumbuka.

Wodini tulipokewa na mmoja akasema, "Hawa wa selimundu wanadeka, wanapenda sindano." Akaondoka. Zamu ikabadilika akaingia kaka mmoja muuguzi, mwembamba, mpole. Akachuchumaa usawa wa kitanda, akamuuliza Doto maumivu ni vidole vingapi kati ya kumi. Doto akanyoosha vyote kumi, akaomba na vyangu. Yule kaka akasimama, akaenda kumtafuta daktari, nikamsikia koridoni anasema, "Huyu mtoto anaumwa kweli, ameandikiwa mofini saa 2 na hajapewa." Akapewa.

Kesho yake ndiyo hasa. Maumivu yalikuwa yamepungua, sisi tunafurahi, yule kaka akaja akasimama tu anamtazama Doto kifua. Wakati ule sikujua anafanya nini. Leo ndiyo nimejua, alikuwa anahesabu. Akamuita daktari, picha ikapigwa, ikaonekana kifua kimeshikwa, akawekewa oksijeni na damu. Wakati damu inaanza kuingia alivuta kigoda akakaa. Akasema, "Mama, robo saa hii ya kwanza sibanduki, nataka nimuone."

Kabla hatujaruhusiwa alinishika mkono akauweka ubavu wa kushoto wa mwanangu chini ya mbavu, akanionyesha bandama inakaa wapi, akaniambia nikiona imevimba ghafla na mtoto amepauka nisingoje kukuche. Naipapasa mpaka leo kila nikimuogesha.

Jina lake silijui. Wabeja sana popote ulipo.

Ng'wana Magu

Mama Kulwa, umenikumbusha bibi yangu. Yeye Kiswahili hana, Kisukuma tu. Ilitakiwa akatwe mguu kwa ajili ya sukari. Faili likaandikwa amekataa upasuaji, wakataka kumruhusu. Muuguzi mmoja, mtu wa Kilimanjaro, Kisukuma hajui hata salamu, akasema hili haliniingii, mtu anakataaje na hamkuelewana. Akamuita mama anayefanya usafi awe mkalimani. Kumbe bibi hakukataa. Alikuwa anasema mwanawe mkubwa yuko safarini, asikatwe kiungo mtoto hajaambiwa. Simu ikapigwa, baba yangu akaongea naye dakika tano, bibi akaweka dole gumba. Ametuongezea miaka minne.

MkungaWaKisiwani

Bibi angerudishwa nyumbani na ule mguu, na faili lingeonyesha kila kitu kiko sawa.

Bwana Misungwi

Samahani kama natoka nje ya mada. Mimi ni mkulima tu. Hii ya kuhesabu pumzi, mzazi anaweza kuifanya nyumbani kwa mtoto? Wangu ana mwaka na miezi mitatu, ana homa na kikohozi tangu juzi. Tumempa ya malaria iliyobaki ya kaka yake.

ZamuYaUsiku

Bwana Misungwi, hujatoka nje ya mada hata kidogo. Unaweza, na naomba uifanye leo.

Subiri atulie au alale, akilia haihesabiki. Mfunue kifua na tumbo. Chukua simu yako iwe na saa inayoonyesha sekunde. Kila tumbo likipanda ni moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, watoto wadogo pumzi zao hazifuatani sawasawa. Mtoto wa chini ya miezi 2 zikifika 60 ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50. Kuanzia mwaka mpaka miaka 5, 40. Kwa hiyo wako mpaka wake ni 40. Zikifika hapo au kuzidi, na ana kikohozi, huenda ni nimonia na anahitaji kituo cha afya.

Namba isikuzuie kama utaona mengine: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ameshtuka degedege, au amelegea haamki vizuri. Lolote kati ya hayo, usihesabu tena, ondoka.

Na dawa ya malaria bila kipimo achana nayo. Homa ya nimonia na homa ya malaria ukigusa paji la uso ni zile zile.

Bwana Misungwi

Nimehesabu mara mbili na mama yake naye amehesabu. Mimi 52, yeye 54. Kifua sijaona kikibonyea, ananyonya lakini kidogo. Naandaa pikipiki.

ZamuYaUsiku

Nenda. Mfunike, ila usimfunge kifua kwa khanga, aachwe apumue. Ukifika usiseme "ana homa". Sema "ana kikohozi siku tatu, nimehesabu pumzi ni 52 akiwa ametulia, na tumempa dawa ya malaria bila kupima." Beba na hilo pakiti.

DktUsikuWaManane

Na wakikuambia kaa foleni, wape hiyo 52 tena.

Bwana Misungwi

Wakuu, tumerudi saa 5 hii usiku. Nilisema kama nilivyoelekezwa. Yule muuguzi aliacha alichokuwa anaandika, akamfunua mtoto akahesabu mwenyewe, akapata 51. Malaria wamepima hana. Amepewa dozi ya kwanza pale pale ya vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha, nyingine tumepewa siku zilizobaki. Muuguzi ameniuliza mpangilio wa maneno yangu nani amenifundisha. Mtoto amelala sasa.

ZamuYaUsiku

Nashukuru mno. Vidonge asubuhi na jioni mpaka viishe, hata akichangamka kesho. Baada ya siku mbili mrudishe wamuone tena hata kama homa imeshuka. Usiku huu mkiamka kumnyonyesha mhesabuni, na alfajiri tena. Mimi niko zamu mpaka saa 1 asubuhi, nitafungua simu nikimaliza mzunguko wa dawa. Niandikie namba.

Bwana Misungwi

Saa 10 alfajiri, 44.